Denis Burkitt, munganga wa jicho moja aliyefuata uvimbe wa taya

Kuna kanseri moja ya damu inayoshika sana watoto wa inchi zenye joto na malaria. Inaanza mara nyingi kwa kuvimba taya. Meno yanalegea, jicho linasukumwa nje, ao tumbo linavimba na kuwa gumu. Bila dawa, mutoto anakufa kwa miezi michache tu. Waganga wa dunia nzima wanaiita limfoma ya Burkitt.

Wazazi wengi wanasikia jina hilo hospitalini bila kujua Burkitt alikuwa nani. Leo tunaeleza maisha yake. Dawa za kwanza za ugonjwa huu zilijaribiwa hapa jirani, Kampala, kwa watoto wanaofanana na wetu. Na swali lililowasumbua waganga wa wakati ule bado linasumbua leo: ugonjwa ukiondoka kisha ukarudi, tufanye nini?

Mutoto wa Enniskillen

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika muji mudogo wa Enniskillen, kaskazini ya Ireland. Baba yake, James, alikuwa enjinia wa serikali ya pale. Wakati wa mapumziko, baba huyo alipenda kuchunguza ndege. Aliwafunga alama miguuni, akachora karata kuonyesha kila ndege anakaa wapi na mupaka wake unafika wapi. Tabia hiyo ya kuuliza kitu kinapatikana wapi na hakipatikani wapi tutaiona tena kwa mutoto wake.

Denis alipokuwa na miaka 11, watoto wa shule walitupiana mawe. Jiwe moja lilimupiga kwenye jicho la kuume. Waganga hawakuweza kuliokoa, wakaliondoa, na toka siku ile mupaka kufa kwake alivaa jicho la kioo.

Mwaka wa 1929 aliingia Trinity College, Dublin, kusomea kazi ya baba yake, uenjinia. Lakini alikuwa mutu wa dini sana, na mbele ya mwaka kuisha aliona kwamba anaitwa kwenye kazi ya uganga. Akabadilisha masomo. Alipata diploma ya uganga mwaka wa 1935, kisha mwaka wa 1938 akafaulu mutihani wa waganga wa kupasua kule Edinburgh.

Alipoomba kazi kwenye serikali ya makoloni ya Uingereza, walimukataa. Sababu ilikuwa lile jicho. Waliona munganga wa kupasua mwenye jicho moja hawezi kutumwa Afrika. Basi akaingia jeshini kama munganga wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, na jeshi lenyewe ndilo likamuleta Kenya na Somalia. Mwaka wa 1943 alimuoa Olive Rogers, na baadaye walizaa mabinti watatu. Vita ilipoisha aliomba tena, na mwaka wa 1946 alikubaliwa kwenda Uganda.

Kazi ya Lira

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika inchi ya Walango, kaskazini ya Uganda. Alipasua kila kitu kilichokuja: tumbo, mifupa, uzazi mugumu. Kati ya wagonjwa wake wengi walikuwa wanaume wenye busha, yaani mapumbu kuvimba kwa maji. Munganga mwingine angepasua tu na kuendelea. Burkitt aliuliza kila mugonjwa ametoka wapi, akaona kwamba wengi wanatoka upande wa mashariki wa wilaya, na wa magharibi ni wachache kabisa. Akaandika habari hiyo. Ugonjwa huo unatokana na minyoo midogo inayopitishwa na mbu, na ndiyo maana unachagua fasi.

Mwaka wa 1948 alihamishwa kwenye hospitali kubwa ya Mulago, Kampala.

Taya nne kwa mara moja

Mwaka wa 1957, mwenzake Hugh Trowell, munganga wa watoto, alimuita aangalie mutoto mwanaume wa miaka karibu tano. Uso wake ulikuwa umevimba pande zote nne za taya, juu na chini, kuume na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo. Kama ni usaha, ungevimba upande mumoja. Kama ni kanseri ya kawaida, ingeanza fasi moja.

Majuma machache baadaye alitembelea hospitali ya Jinja. Pale akaona mutoto mwanamuke mwenye uso uliovimba vilevile, na alipomupima akakuta uvimbe tumboni pia. Akajua kwamba mambo haya mawili ni ugonjwa mumoja. Akarudi Mulago, akafungua daftari za wagonjwa za miaka iliyopita, akawapata watoto wengine wengi. Kila munganga alikuwa ameandika jina lake: huyu kanseri ya taya, huyu ya figo, huyu ya jicho. Mwaka wa 1958 alichapisha habari hizo katika gazeti la waganga wa kupasua la Uingereza.

Ni haki kusema kwamba hakuwa wa kwanza kuuona. Albert Cook, aliyefungua hospitali ya Mengo, Kampala, alikuwa amewaandika watoto kama hao miaka mingi mbele yake. Na ni waganga wa labo ya Mulago, Jack Davies na Gregory O'Conor, walioonyesha kwamba uvimbe huo wote ni limfoma, kanseri ya chembe nyeupe za damu, na kwamba karibu nusu ya kanseri zote za watoto waliowaandika Kampala ni hiyo. Kazi ya Burkitt ilikuwa kukusanya vipande vilivyotawanyika na kuona kwamba ni kitu kimoja.

Safari ya maili 10.000

Sasa akarudi kwenye swali la baba yake: unapatikana wapi? Alipewa franga kidogo sana za utafiti, pauni 25. Akachapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa mamia ya hospitali za Afrika, akiuliza kama wameona ugonjwa huo. Majibu yalionyesha mukanda unaokata katikati ya Afrika. Lakini upande wa kusini mukanda ulikuwa na mupaka usioeleweka.

Basi mwezi wa Oktoba 1961, Burkitt aliondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alikuwa munganga wa misheni ya Kuluva, karibu na Arua na mupaka wa Kongo, na tena alikuwa fundi wa magari. Walikuwa na gari la Ford lililonunuliwa tayari likiwa limetumika, kwa pauni 250. Kwa majuma kumi walipita Tanganyika, Malawi ya leo, Msumbiji, mupaka Afrika ya Kusini, wakarudi. Walikwenda karibu maili 10.000, maana yake kilometa 16.000, wakaingia katika hospitali zaidi ya 50. Kila fasi waliuliza swali lilelile na kuonyesha picha zilezile.

Walichokuta kinatugusa sisi wa Fizi. Karibu na ikweta, ugonjwa ulipatikana fasi za chini, zenye joto na mvua. Ukipanda zaidi ya metre 1.500 hivi, unapotea. Ukienda kusini ambako baridi inazidi, unashuka mupaka kwenye bonde na pwani tu. Burkitt alifikiri ni mupaka wa milima. Alexander Haddow, mutaalamu wa mbu kule Entebbe, akamwonyesha kwamba ni mupaka wa joto na mvua, ndiyo kusema mupaka wa mbu.

Angalia teritwari yetu. Kandokando ya Tanganyika, kwa Baraka na rasi ya Ubwari, ziwa liko metre karibu 770 juu ya bahari. Joto liko, mbu wako, malaria iko mwaka muzima. Panda kwenda Minembwe, unapita metre 2.000, na baridi ya usiku inafukuza mbu wengi. Kwa karata ya Burkitt, mutoto wa ziwani na mutoto wa milima mirefu hawana hatari sawasawa, hata kama wanaishi katika teritwari moja.

Virusi na malaria

Kabla ya safari ile, mwezi wa Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa masomo katika hospitali ya Middlesex, London. Kijana mumoja mutafiti, Anthony Epstein, aliingia kusikiliza. Aliposikia kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, akafikiri kuna virusi ndani. Toka wakati ule vipande vya uvimbe vilitumwa kwa ndege kutoka Kampala mupaka London. Zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Mwanzo wa mwaka wa 1964, yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong waliviona virusi kwenye mashini ya kukuza. Leo vinaitwa virusi vya Epstein-Barr, na ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kwamba vinasaidia kuleta kanseri kwa wanadamu.

Hapa tusichanganye watu. Virusi hivyo viko dunia nzima, na karibu kila mutu anavipata. Kwa kawaida havifanyi kitu kikubwa. Lakini mutoto anayevipata mapema sana, na kila mara anapigwa na malaria, kinga yake inachoka, na chembe moja ya damu inaweza kuharibika na kuanza kuzaana bila mupaka. Ni watoto wachache wanaofikia pale. Kanseri hiyo haiambukizi. Mutoto mugonjwa anaweza kula na kulala pamoja na wenzake bila shida. Wala si ulozi.

Dawa zilizojaribiwa Mulago

Burkitt alikuwa munganga wa kupasua, na aliona haraka kwamba kisu hakisaidii. Uvimbe huu unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja ao mbili. Mashini ya kuchoma kanseri kwa miale haikuwako Kampala. Watoto walikufa mbele ya macho yake.

Mwanzo wa miaka ya 1960, waganga wa Marekani, kati yao Joseph Burchenal wa New York, walifika na dawa mupya iitwayo metotreksati. Baadaye zikaja siklofosfamidi na vinkristini. Dawa hizo zilikuwa bado changa, na kwa wengi wenye kanseri huko Ulaya zilikuwa zinapunguza uvimbe kwa muda tu. Burkitt hakuwa amesomea dawa za kanseri. Labo yake haikuweza kufuata damu ya mugonjwa kila siku, na aliogopa kuwaua watoto kwa sumu. Kwa hiyo alitoa kiasi kidogo.

Matokeo yalishangaza kila mutu. Kwa watoto wengine uvimbe uliyeyuka kwa siku chache. Wengine walichukuliwa na wazazi kurudi nyumbani baada ya sindano moja ao mbili tu, waganga wakahesabu kwamba wamekufa, kumbe miaka ikapita na watoto wako hai. Kule Nairobi, Peter Clifford alijaribu njia nyingine, kiasi kikubwa cha dawa. Kule Ibadan, Nigeria, Victor Anomah Ngu, munganga wa Kameruni, alifanya kazi hiyohiyo. Mwezi wa Januari 1966 waganga wa inchi mbalimbali walikutana Kampala kulinganisha wagonjwa wao. Hiyo ilikuwa kati ya alama za kwanza duniani kwamba kanseri inaweza kupona kwa dawa peke yake.

Lakini tuseme ukweli wote. Sheria za kulinda watu katika majaribio hazikuwa kama za leo. Tamko la Helsinki, linalowaamuru waganga kuweka mugonjwa mbele ya utafiti, lilitoka mwaka wa 1964, wakati kazi ile imekwisha kuanza. Wazazi walikuja na mutoto anayekufa, na kule mbele hapakuwa na njia nyingine. Majina ya watafiti yako vitabuni. Ya wale mama waliotembea siku nzima na mutoto mugongoni hayako.

Kanseri ikirudi

Mwaka wa 1966 Burkitt aliondoka Uganda. Mwaka uliofuata, 1967, Makerere na taasisi ya kanseri ya Marekani walifungua nyumba ya matibabu ya limfoma pale Mulago, chini ya kijana munganga wa Marekani, John Ziegler. Ndiyo iliyozaa Taasisi ya Kanseri ya Uganda ya leo. Pale majaribio yalifanywa kwa mupango: kundi moja linapata dawa moja, kundi lingine linapata dawa tatu pamoja, kisha wote wanafuatwa. Wafanyakazi walipanda gari, wakaingia vijijini kuwatafuta wagonjwa walioacha kurudi.

Kwa kufuata hivyo walijifunza jambo kubwa. Watoto karibu wote uvimbe wao uliondoka mwanzoni, lakini kwa wengi ulirudi. Kama ulirudi haraka, katika miezi michache ya kwanza, dawa zilezile hazikufanya kazi tena sana, na wengi walikufa. Kama ulirudi baada ya muda murefu, mutoto aliweza kutibiwa tena na kupona. Tena waliona kwamba mara nyingi kanseri inajificha kwenye ubongo na maji ya uti wa mugongo, ambako dawa ya mushipa haifiki vizuri. Ndiyo maana mupaka leo waganga wanachoma sindano mugongoni. Wazazi wengi wanaiogopa, lakini imetoka kwenye masomo hayo.

Mwaka wa 1972, wakati wa Idi Amin, Ziegler aliondoka. Munganga wa Uganda, Charles Olweny, akashika kazi pamoja na wenzake wa inchi, wakaendelea katika miaka migumu sana. Mwaka huohuo Burkitt, Burchenal, Ziegler, Ngu na wengine walipewa zawadi ya Lasker ya Marekani kwa dawa za kanseri.

Miaka ya mwisho

Huko London, Burkitt aliendelea na swali lake la wapi. Aliona kwamba magonjwa ya tumbo kubwa, pamoja na kanseri yake, yalikuwa mengi Ulaya na machache katika vijiji vya Afrika alivyovijua. Akafundisha dunia nzima kula vyakula visivyokobolewa sana: maharagwe, mboga, matunda, unga wenye makapi. Si kila alichosema juu ya jambo hilo kilithibitishwa, lakini waganga wa leo bado wanashauri chakula cha namna hiyo. Mutu anayekula sombe na maharagwe hapa kwetu hakumuhitaji Burkitt kumufundisha.

Alikufa tarehe 23 Machi 1993 kule Gloucester, Uingereza, akiwa na miaka 82.

Imetuachia nini sisi

Leo katika inchi tajiri, watoto karibu tisa kati ya kumi wenye limfoma hii wanapona. Katika inchi nyingi za Afrika wanapona karibu nusu, na fasi zingine chini ya nusu. Dawa za msingi ni zile zilizojaribiwa Mulago. Tofauti kubwa ni kuchelewa kufika, dawa kukosekana, franga za safari kuisha, na wazazi kuacha matibabu katikati kwa sababu uvimbe umepotea. Ukipotea kwa macho, haujaisha. Kuacha katikati ndiko kunakofungulia mulango ugonjwa kurudi.

Kwa wale ambao kanseri ya damu imewarudia, kuna majaribio mapya, mengi yao Marekani, Ulaya na China. Katika njia moja, chembe za kinga za mugonjwa mwenyewe zinatolewa, zinafundishwa katika labo kutambua kanseri, kisha zinarudishwa mwilini. Mwaka wa 2017 Marekani iliikubali njia hiyo kwa watoto wenye kanseri nyingine ya damu iliyorudi. Ni bei kali sana, na inahitaji hospitali kubwa.

Muzazi ajue neno jaribio la hatua ya kwanza lina maana gani. Linafanywa kwa watu wachache, mara nyingi wale ambao matibabu ya kawaida yameshindwa. Shabaha yake ni kujua kiasi gani cha dawa mwili unavumilia. Wengine wanapata nafuu, lakini hakuna anayeahidiwa kupona. Watafiti wa kweli wanaeleza kwa luga unayosikia, wanakupa wakati wa kufikiri, na unaweza kutoka siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Uliza nani atalipa kama dawa imeleta madhara. Na mutu akija kukuuzia kwa franga dawa mupya ya majaribio, iwe sokoni ao kwenye simu, mukatae.

Burkitt alikuta watoto wengi wakiwa wamechelewa. Hapa kwetu kuvimba taya kunadhaniwa haraka kuwa jino, na mutoto anapelekwa kungolewa, ao kwa mutu wa miti shamba, majuma yanapita. Kama taya ya mutoto imevimba na meno kadhaa yanalegea kwa mara moja, ao tumbo linakuwa gumu, ao jicho linatoka, mupeleke kituo cha afya juma hilohilo na uombe barua ya kumupeleka hospitali kuu. Na usiku wa leo, mulalishe chini ya chandarua.